Mgonjwa Sio Zombi: Jitu Langu Nililiunda Vibaya

Wasee, leo stori yangu haichekeshi sana. Nataka tuongee kuhusu jitu. Ni jitu la kwenye gemu, lakini kaa hapo kidogo, utaona venye linaingia kwa maisha ya watu.

Wanaonifuata wanajua kila Jumamosi jioni mbogi yetu hukutana juu ya paa la ploti moja huku Umoja, kati ya tangi za maji na kamba za nguo, kucheza Dungeons & Dragons. Kwa wageni, nieleze haraka. Hii sio gemu ya simu wala ya PlayStation. Mnakaa watu watano, sita hivi, mkizunguka meza. Mmoja ndiye msimulizi: anaunda dunia, vijiji, mazimwi na shida zote. Wengine kila mtu ana mhusika wake. Kuna shujaa, kuna mganga, kuna mwizi, kuna mpiga mishale. Unasema mhusika wako anafanya nini, kisha unarusha dadu ya pande 20 kuona kama amefaulu. Ukipata 20, tunapiga kelele hadi landilodi anapanda kuuliza kuna nini. Ukipata 1, pole. Gary Gygax na Dave Arneson ndio walioitoa gemu hii kule Marekani mwaka 1974, kwa hivyo ni ya kitambo sana. Sisi tulianza na dadu za programu ya simu juu zile za kushika zilikuwa bei.

Msimulizi ndio mimi. Na mwaka jana niliunda jitu.

Nililiita Mlandwele. Ndwele ni neno la kitambo la ugonjwa. Unalijua kutoka kwa ile methali tulikaririshwa shuleni, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mlandwele ni mla magonjwa. Nilimpa urefu wa ghorofa tatu, ngozi imejaa malengelenge, mdomo unafunguka hadi kifuani. Hali nyama. Anakuja kijijini usiku, analala kando ya nyumba yenye mgonjwa, anavuta pumzi, na kila pumzi inamnenepesha. Kadiri watu wanavyougua ndivyo anavyozidi kuwa mkubwa. Nilijiona fundi kabisa.

Halafu nikamwongezea jeshi, na hapo ndipo niliharibu. Nilisema wanakijiji walioambukizwa wanageuka watumwa wake. Wanatembea wakiyumba, wanakohoa, na wakikukoholea nawe umeisha. Mashujaa wanaruhusiwa kuwakata wote, na kila unayemkata unapata pointi. Nilikuwa hata naigiza ile sauti ya kukohoa, ile nzito ya kutoka chini kabisa ya kifua. Watu walicheka hadi machozi.

Mtu mmoja hakucheka. Ni rafiki yangu tangu shule ya msingi, ndiye huchezea kikundi chetu mganga. Alirusha dadu zake kama kawaida, akamaliza soda yake, akasema kesho ana kazi mapema, akashuka ngazi. Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata pia hakuja. Nikimtumia ujumbe anajibu, "Niko fiti, ni kazi tu." Baada ya wiki tano nikaenda kwao. Alifungua mlango akasimama pale pale, hakuniambia ingia.

Alikuwa na TB. Kifua kikuu. Alikuwa ameingia mwezi wa tatu wa dawa. Ile Jumamosi ya mazombi wangu alikuwa tayari amemeza dawa kama mwezi mmoja na nusu, na kliniki ilikuwa imemwambia hawezi tena kuambukiza mtu, anaweza kukaa na watu kama kawaida. Sisi ndio watu wa kwanza aliokuja kukaa nao.

"Nilikuwa nimeamua niwaambie hiyo jioni," akasema. "Halafu ukaanza kukohoa."

Sikuwa na jibu. Hata sai sina. Ameniruhusu niandike hii, bila jina, na masharti yake ni mawili: nisimfanye wa kuhurumiwa, na nisiache watu wakidhani gemu ni mbaya. Gemu sio mbaya. Kilichokuwa kibaya ni venye nililiunda jitu langu.

Maoni yangu ni haya. Jitu linalokula magonjwa ni wazo tamu kwa gemu, na sitaki kulitupa. Lakini ukiliunda, lilishe kile ambacho magonjwa yenyewe hula. Na mgonjwa asiwe askari wa jitu. Mgonjwa ndiye anayeibiwa.

Najua sikuanzisha mimi. Ukicheza Warhammer ya Waingereza unamjua Nurgle, mungu wa maradhi, mnene, ameoza, na mchangamfu kama babu wa harusini. Wanaougua ndio wanakuwa watu wake, wanabeba uvundo wake kwenda vitani. Filamu za mazombi ni vile vile: mtu akiumwa tu, dakika mbili baadaye rafiki yake anamlenga risasi, na sisi tunakula popcorn. Tumezoea. Mgonjwa akishatokea, swali linakuwa nani atamwondoa.

Upande mwingine kuna kosa la pili, la kufanya ugonjwa uwe kitu bure. Kwenye kanuni za Dungeons & Dragons za toleo la 2014, yule shujaa mtakatifu anayeitwa paladini anamgusa mgonjwa, anatumia pointi 5 za uponyaji, na ugonjwa umeisha. Twende kazi. Hakuna kulala hospitali, hakuna nauli, hakuna kumficha landilodi, hakuna mamako kukutengea kikombe. Mara ngapi umeona mtu akipona hivyo?

Makosa haya mawili yanafanana sana. Kwa moja mgonjwa anakatwa, kwa lingine anaguswa sekunde moja, na kwa yote mawili hakuna anayekaa naye.

Sasa, magonjwa hula nini? Wacha nitoe mifano miwili ya ukweli, halafu nirudi kwa Mlandwele.

Mwaka 1854, mtaa wa Soho jijini London ulipigwa na kipindupindu. Zaidi ya watu 600 walikufa kwa muda mfupi. Wakubwa wengi wa wakati huo waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu, yaani ule uvundo wa mitaa ya maskini. Daktari mmoja, John Snow, hakukubali. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani amekufa hapa, na maji yenu mnachota wapi. Vifo vikaonekana vimeizunguka pampu moja, ya Broad Street. Tarehe 8 Septemba mkono wa hiyo pampu ukaondolewa. Kusema ukweli mlipuko ulikuwa umeanza kupungua, juu watu wengi walikuwa wamehama, lakini kazi yake ilionyesha kwamba shida ilikuwa kwa maji. Wakati huo wote watu walikuwa wanapigana na harufu huku wakiendelea kuchota.

Mfano wa pili ni wa hapa jirani. Oktoba 1977, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca kule Somalia, Ali Maow Maalin, aliugua ndui. Ndui ilikuwa jitu kweli kweli. Inakadiriwa iliua watu milioni 300 au zaidi katika karne ya 20 peke yake. Kwa nini mpishi wa hospitali hakuwa amechanjwa? Aliogopa sindano. Ni hivyo tu, kama wewe na mimi. Alipopatikana, wahudumu waliwasaka watu wote aliokutana nao, na maelfu wakachanjwa ndani ya wiki mbili. Akapona. Baada yake hakuna mtu mwingine duniani aliyepata ndui kwa njia ya asili, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza imeisha. Maalin baadaye alijitolea kwenye kampeni za chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi waoga jinsi yeye mwenyewe alivyoogopa. Alikufa kwa malaria mwaka 2013, akiwa bado kwa hiyo kazi.

Nikisoma hizi stori, sioni upanga mahali. Naona mtu anabisha mlango, anauliza maswali, anaandika majibu. Naona mtu aliyeugua akirudi kusaidia wengine. Jitu kubwa kuliko yote lilishindwa hivyo.

Na TB? Inaletwa na bakteria, Robert Koch aliitangaza mwaka 1882. Inasambaa kwa hewa. Matibabu ya kawaida ni miezi sita ya kumeza dawa, na hapo kati, ukianza kusikia uko poa, ndipo kuna mtego. Ukiacha, wale bakteria waliobaki wanaweza kuwa sugu na dawa zile zile zisiwaweze tena. Sasa weka hapo mtu anayeficha. Anameza dawa chooni ndio wenzake wasione. Anaruka siku ambazo kuna wageni. Jitu linakula hapo. Bakteria ni wadogo hawaonekani, lakini aibu ndio inawapikia.

Kwa hivyo nililiunda upya. Kama unasimulia gemu, hizi kanuni ni zako, chukua.

Kwanza, Mlandwele hana jeshi. Wagonjwa ni wanakijiji wenye majina, kazi, madeni na utani wao. Wachezaji lazima wakutane nao kabla jitu halijaonekana hata mara moja.

Pili, anaanza na pointi 100 za uhai. Kila nyumba inayomficha mgonjwa inamwongezea 20 kila usiku. Nyumba yenye mgonjwa anayejulikana, anayetembelewa, haimwongezei kitu.

Tatu, panga na mishale zinamuumiza, lakini kukicha kila pointi inarudi kama bado kuna nyumba zinazomlisha. Unaweza kumkata kila usiku mpaka dadu zichakae.

Nne, uganga unapunguza maumivu, hauponyi. Dawa inachukua siku sita za gemu mfululizo. Mgonjwa akiacha siku ya tatu kwa sababu anasikia nafuu, Mlandwele anaota ngozi nyingine juu ya ile ya kwanza, na dawa hiyo inapoteza nusu ya nguvu kwa kijiji kizima.

Tano, ukitaka kujua anakula wapi, usimwangalie mwili, angalia kivuli. Hii nilitoa kwa stori ya Luanda Magere, yule shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki haingii. Maadui walimwoza msichana wao. Siku moja akaugua, akamwambia mke amchanje dawa kwenye kivuli. Damu ikatoka kwenye kivuli, na siri ikatoka naye. Kwa hiyo stori huwa tunakumbuka usaliti. Mimi nilikumbuka kwamba hata mtu wa jiwe aliugua na akahitaji mtu wa kumtibu. Kivuli cha Mlandwele basi huangukia nyumba anazokula, hata mwezi ukiwa upande gani.

Nilipowaonyesha mbogi, mmoja alilalamika mbele ya wote. Ni yule wa mishale. Akaniambia, "Bana, mimi hufanya kazi ya mjengo wiki mzima. Jumamosi nakuja kuua kitu. Sasa unataka nikuwe nesi?"

Naheshimu hiyo hoja, na nimeiona pia kwa watu wengine wengi: gemu ni ya kusahau, msituletee semina. Ni kweli, hakuna anayetaka semina. Kama kanuni zako zinageuza meza kuwa darasa, umeshindwa kazi ya msimulizi. Lakini pia tusijidanganye eti gemu yenye mazombi wanaokohoa haifundishi kitu. Ilimfundisha rafiki yangu kwamba sisi tukijua tutamwogopa. Hilo somo aliliamini wiki tano. Gemu inafundisha tu, upende usipende, kwa hivyo swali ni unafundisha nini ukicheka.

Na raha haikupungua. Usiku wa kwanza walimvamia Mlandwele wakamkata vipande, wakapiga kelele, landilodi akapanda. Asubuhi ya gemu nikawaambia yuko pale pale mlimani, na ameongezeka kichwa kimoja. Kimya. Mwizi wetu ndiye aligundua kivuli, kikiwa kimelala juu ya ghala la chifu. Chifu alikuwa ametangaza ugonjwa ni wa wale wa bondeni, watu wachafu, huku binti yake amefungiwa ndani ya ghala. Kumshawishi afungue mlango kulichukua karibu saa nzima na dadu mbaya sana. Ulikuwa usiku wa moto kuliko vita yoyote nimesimulia.

Na yule wa mishale? Dadu zilimwangukia kazi ya kumlinda shosho mmoja mkaidi ambaye alikuwa anataka kuacha dawa siku ya tatu. Alilalamika. Akakaa mlangoni kwa shosho na upinde wake. Akaanza kumpigia stori. Kufikia siku ya tano ya gemu, kabla sijafungua hata daftari, yeye ndiye anauliza, "Shosho amemeza?" Mlandwele alipofika usiku wa mwisho alikuwa na urefu wa mtu wa kawaida, na mshale mmoja ulitosha. Kijana wa mjengo aliupiga mwenyewe. Alipata kuua kitu chake.

Kuna methali nyingine, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huwa tunaitumia kwa watu wa karibu wanaotuumiza lakini hawatumalizi. Mimi siku hizi naisikia kwa upande wa pili pia: zimwi unalolijua wewe, ukalitaja jina mbele ya watu wako, halina nafasi ya kukumaliza.

Nilimpelekea rafiki yangu hizo kanuni zikiwa zimeandikwa kwa mkono. Safari hii niliingia ndani. Alisoma zote, hakusema pole wala asante. Akanionyesha kanuni ya nne. "Umesahau njaa," akasema. "Hizo dawa ukimeza na tumbo tupu utajua hujui. Kuna watu huacha juu hawana chakula, si eti ni wajinga." Kweli, mwili wenye njaa ndio TB hupenda, na mimi sikuwa nimefikiria hata kidogo. Sasa kuna kanuni ya sita, na ni yake: kijiji kisicho na chakula, siku za dawa hazihesabiwi.

Alirudi mezani mwezi wa nne wa matibabu yake. Aliwaambia wengine mwenyewe, kabla hatujarusha dadu. Kulikuwa na kimya cha sekunde kadhaa, kile kimya cha kila mtu kujiuliza amekaa karibu naye mara ngapi. Akawaeleza mambo ya kuambukiza, akajibu maswali, mengine yalikuwa ya kijinga. Hakuna aliyehamisha kiti. Kisha yule wa mjengo akamwangalia akauliza, "Na leo, shosho, umemeza?"

Hiyo ikawa yetu. Kila jioni saa tatu mtu mmoja anaandika kwenye grupu, "Shosho amemeza?" naye anajibu na picha ya ulimi nje. Amemaliza miezi sita mwezi uliopita, akapimwa, akaambiwa amepona. Bado tunaandika wakati mwingine. Mazoea.

Kwa hivyo kama unaunda zimwi la magonjwa, ni sawa, liunde liwe la kutisha. Lakini kabla hujaigiza kikohozi, kumbuka huwezi kujua nani mezani amekuja na la kusema. Na kama kuna msee wa mbogi yenu amepotea Jumamosi mbili tatu, akijibu yuko fiti ni kazi tu, usiishie kwa ujumbe. Nenda ubishe mlango.

Na wewe mwenye kikohozi kisichoisha, unaamka umelowa jasho, nguo zinakupwaya, nenda upimwe. Dawa za TB ni bure kwenye hospitali za serikali. Ukipatikana nayo, mwambie angalau mtu mmoja, awe anakuuliza kila jioni.